Sura ya Tano: Mlango Usiouliza Jina

Nyota, 150, nyota, 00, reli, kisha kitufe cha kijani. Menyu imefunguka: tuma pesa, toa pesa, nunua salio, lipa bili. Hakuna aliyekuuliza wewe nani. Hukuandika jina la mtumiaji, hukuandika barua pepe, wala hukukuna kichwa ukitafuta pasiwedi uliyoweka mwaka juzi. Mkulima wa mpunga aliyekalia gunia lake karibu na stesheni ya reli ya Bukene, mkoani Tabora, simu yake ya kitochi imefungwa raba ili betri isichomoke, anaingia kwenye akaunti yake ya fedha kwa namna ambayo Apple, Google na Microsoft walisimama pamoja Mei 2022 kuinadi duniani kama jambo linalokuja: kuingia bila jina na bila pasiwedi. Kwa Watanzania jambo hilo lilikwisha kuja mwaka 2008, huduma hii ya M-Pesa ilipovuka mpaka mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa Kenya.

Msomaji mkali atasema: mbona namba ya siri tunaulizwa? Kweli, tarakimu nne tunaulizwa, lakini angalia tunaulizwa lini. Ni mwishoni, ukishataja namba ya mpokeaji na kiasi, ili pesa itoke. Mlangoni ulipita bila swali. Mtandao ulikuwa umekujua kabla hujabonyeza nyota ya kwanza. Ninachotaka kukieleza katika sura hii ni jinsi ulivyokujua, na kinachotokea siku unapokusahau.

Siri iko kwenye kile kipande cha plastiki tunachokiita laini. Kadi za kwanza za aina hiyo zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Finland. Ndani ya kila kadi umefichwa ufunguo, yaani namba ndefu ya biti 128 ambayo hata mwenye simu haioni. Nakala yake iko kwa kampuni ya simu. Ukiwasha simu, mtandao unakutumia namba ya kubahatisha. Kadi inaichanganya namba hiyo na ufunguo wake kwa kanuni maalumu, inapata jibu fupi, inalirudisha. Kule kwenye mitambo nako wamefanya hesabu ileile. Majibu yakilingana, umeingia. Ufunguo wenyewe haukusafiri hewani hata mara moja. Safari ijayo utatumiwa namba nyingine kabisa, kwa hiyo aliyenasa jibu la leo ameshika kitu kisicho na kazi. Treni ya Mwanza inapopunguza mwendo kuingia Bukene, abiria akawasha simu aliyokuwa ameizima kutunza chaji, hesabu hiyo huwa imekwisha kabla hajatoa kichwa dirishani kuita wauza karanga.

Kwa kuwa ufunguo unakaa kwenye kadi, simu yenyewe inaweza kuwa ya mtu yeyote. Kuna miaka ambayo vijijini watu wengi walimiliki laini bila simu. Laini ilifungwa kwenye pindo la khanga au kwenye kikaratasi ndani ya pochi, na pesa ikitarajiwa kutoka kwa mtoto aliyeko Dar es Salaam, mtu alikwenda kwa jirani, akachomoa laini ya jirani, akachomeka yake, akatazama salio, akarudisha mambo yalivyokuwa. Jirani hakuachiwa alama yoyote. Mpaka leo sijaona mfumo wa kompyuta wa ofisini unaoruhusu watu wawili kushirikiana kifaa kimoja kwa usafi wa namna hiyo.

Pasiwedi ilizaliwa mahali tofauti sana na huko. Mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza mfumo ulioruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa zamu za haraka. Ilibidi kila mmoja awe na mafaili yake na muda wake wa mashine, wakaona njia rahisi ni kila mtu kuwa na neno lake. Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja wa uzamivu, Allan Scherr, aliyeona saa alizopewa hazimtoshi, aliagiza mashine imchapie faili lenye pasiwedi zote. Ikachapa. Yaani kinga hiyo haikumaliza hata miaka miwili kabla ya kuvuja, na aliyeivujisha alikuwa mtumiaji halali mwenye haraka ya kumaliza kazi zake. Kilichokuwa kimetosha kugawa zamu za mashine ndani ya jengo moja tulikichukua hivyohivyo, tukakiweka kwenye benki, hospitali, matokeo ya mitihani na mikopo ya wanafunzi. Kisha tukamlaumu mtumiaji kwamba anaweka jina la mtoto wake na mwaka wa kuzaliwa. Alitegemewa aweke nini? Binadamu hawezi kukumbuka maneno arobaini yasiyo na maana, na anayeweza ana matatizo mengine.

Katikati ya laini na pasiwedi ikaja njia ya tatu, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoitumia zaidi. WhatsApp ilipoanza mwaka 2009 haikukuuliza jina la mtumiaji wala pasiwedi. Uliandika namba ya simu, ukatumiwa ujumbe wenye tarakimu, ambazo leo ni sita, ukaziandika, ukaingia. Nafuu hiyo ndiyo iliyoipenyeza mpaka kwa watu ambao hawajawahi kuwa na barua pepe. Lakini tofautisha na laini yenyewe. Ufunguo wa laini haujulikani hata kwa mwenye laini, kwa hiyo hawezi kulaghaiwa autaje. Tarakimu sita anaziona, na anachokiona mtu anaweza kuombwa akitaje. "Samahani dada, kuna namba sita nimezituma kwako kwa bahati mbaya, naomba unirudishie." Dada mwenye huruma anazirudisha, na dakika hiyohiyo akaunti yake imehama. Jioni ndugu zake wote wanapokea ujumbe, kwa picha yake na jina lake, kwamba amekwama na anaomba akopeshwe elfu hamsini mpaka kesho.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa hiki kinachoitwa ufunguo wa siri, ile njia iliyotangazwa 2022 na ambayo WhatsApp yenyewe ilianza kuikubali kwenye simu za Android Oktoba 2023. Wazo la msingi ni la mwaka 1976, la Whitfield Diffie na Martin Hellman: funguo huzaliwa mbili kwa pamoja, mmoja wa kubaki nao na mmoja wa kugawa. Unapojisajili kwenye huduma, simu yako inatengeneza jozi mpya. Ufunguo wa ndani unabaki kwako, ule wa nje unapewa huduma. Siku ya kuingia, huduma inatuma namba ya kubahatisha, kama mtandao unavyofanya kwa laini. Simu inaitia saini kwa ufunguo wa ndani, na huduma inaikagua saini hiyo kwa ufunguo wa nje. Huduma ikiibiwa hifadhi yake yote, mwizi ameondoka na funguo za nje, ambazo hazifungui chochote. Jina la mtumiaji nalo halihitajiki, kwa sababu simu yenyewe inajua ina funguo za huduma ipi na za akaunti ipi; wewe unagusa tu.

Kuna jambo la pili, nami naliona kubwa kuliko hilo la kwanza. Kila jozi imefungamanishwa na anwani ya huduma iliyoizaa. Tapeli akitengeneza ukurasa unaofanana na wa benki yako mpaka nukta ya mwisho, akakuleta pale kwa ujumbe wa kutisha kwamba akaunti inafungwa, simu itatazama anwani, haitaona ufunguo wa anwani hiyo, na haitatoa saini. Wewe unaweza ukawa umedanganyika kabisa, umeshaamini, unabonyeza kwa nguvu zote. Simu haina macho ya kudanganywa na rangi na nembo. Kwa mara ya kwanza usalama wa mtu hautegemei awe mjanja, na hilo kwa nchi iliyojaa watu waungwana ni jambo la kushukuru.

Lakini tusivimbe kichwa. Ujumbe wa kitapeli unaojulikana kuliko wote Tanzania hauombi pasiwedi wala tarakimu sita. Unasema tu ile hela itumwe kwenye namba hii, na utaje jina litakalotokea. Unafika kwa mtu ambaye kweli alikuwa anadaiwa, kodi ya chumba au mchango wa harusi, naye anatuma kwa hiari yake, kwa simu yake, kwa kidole chake, baada ya mifumo yote kuthibitisha kwa uhakika kamili kwamba ni yeye. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetoa namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli hao, na inasaidia. Ufunguo wa siri hapa hauna la kufanya. Unathibitisha anayeingia; aliyeko upande wa pili, anayeomba, hajaulizwa kitu. Pale jina la mpokeaji linapotokea kabla ya kuthibitisha muamala, ndipo angalau mtumaji anapata nafasi ya kusita. Jina hilo nalo lina gharama yake, maana yeyote mwenye namba yako anaweza kuanza kukutumia shilingi elfu moja, akasoma majina yako, kisha akaghairi. Mlango hauulizi jina, ila umelibandika nje.

Sasa tuje kwenye kidole unachoigusisha simu ili itie saini, kwa sababu watu wanakichanganya sana na kile cha kusajili laini, na historia yake ina haki ya kuchanganya.

Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akamwacha Richard Burton pale, akashika njia ya kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Walikatiza nchi hizi za Wanyamwezi na Wasukuma, na tarehe 3 Agosti walikuwa wanalitazama ziwa ambalo Speke aliliita Victoria. Mwezi huohuo wa Julai, huko Bengal, ofisa wa Kiingereza William Herschel alikuwa anaandikiana mkataba wa vifaa vya barabara na mkandarasi aitwaye Rajyadhar Konai. Akiogopa Konai atakuja kuikana saini yake, alimtaka apake wino kiganja na kukigandamiza nyuma ya karatasi. Alikusudia kumtia hofu tu. Baadaye akaona kwamba michirizi ya vidole haifanani kwa watu wawili na haibadiliki uzeeni, na serikali ya kikoloni ikapata chombo. Kikasafiri kutoka India mpaka Afrika Mashariki. Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mzungu hakudaiwa kidole. Mpaka mfumo ule unafutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, maelfu walikuwa wamefungwa kwa kosa la kukutwa bila kipande. Kwa hiyo bibi akisita kuweka kidole kwenye mashine ya kijana asiyemfahamu, usimcheke.

Tanzania kidole kilirudi kwa sura nyingine. Tarehe 1 Mei 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole, zikilinganishwa na zile zilizohifadhiwa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Mwisho ulikuwa 31 Desemba. Rais John Magufuli akaongeza siku 20, mpaka 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa. Waliokuwa kwenye foleni za NIDA miezi ile wanazikumbuka. Tangu hapo laini yako si kipande cha plastiki tu, imefungwa kwenye mwili wako, na ukibonyeza *106# unaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, pamoja na zile ambazo hukuzisajili wewe.

Kidole hicho na kile unachogusisha kwenye simu janja ni mambo mawili. Cha simu janja hakiendi popote. Kinakaguliwa ndani ya simu, na kazi yake ni moja: kuiruhusu itumie ufunguo wa ndani. Google au benki haikioni. Cha usajili wa laini, kwa upande mwingine, kinasafiri mpaka kwenye hifadhi kuu ya taifa kulinganishwa. Cha kwanza ukikichoka unakifuta ukaweka namba. Cha pili hukipi likizo. Na ile namba ya NIDA yenye tarakimu 20 isikudanganye kuwa ni siri. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa, na nakala zake ziko kwenye madaftari ya mawakala wengi kuliko unavyoweza kuhesabu. Hiyo ni jina refu tu.

Kaa kidogo kwenye meza ya wakala wa laini Bukene msimu wa kupandikiza mpunga, utaona pale mambo haya yote yanapokutana. Mzee amefika, suruali ina tope mpaka magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Simu imezama kwenye jaruba. Nataka laini yangu irudi, namba ileile."

"Namba ya NIDA unayo?"

Anayo, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Kijana anaingiza, anasogeza mashine. Dole gumba limekataa. Kidole cha shahada kimekataa. Kijana anampa kitambaa, anamwambia apanguse vizuri, kisha apitishe kidole kwenye paji la uso kipate mafuta kidogo. Kimekataa. Vidole vilivyoshika jembe na kuchomeka miche majini tangu alfajiri vimelainika na kukwanguka, michirizi imefifia. Wanahamia mkono wa kushoto, na kidole cha kati, ambacho hakina kazi nyingi shambani, ndicho kinachokubali. Dakika chache baadaye laini mpya ina namba ya zamani, na nyota 150 inafungua menyu ileile, salio lilelile. Laini iliyoko kwenye tope la jaruba imekufa.

Tazama kilichotokea. Ule ufunguo wa biti 128 ambao hakuna mwizi angeweza kuukisia haukuvunjwa. Ulibadilishwa na kijana mwenye meza ya mbao, kwa kidole cha kati. Ndivyo inavyotakiwa iwe, la sivyo mzee angepoteza pesa yake. Lakini hapo ndipo nguvu yote ya mlango ilipo. Wezi wa laini, wanaosajili upya namba za watu ili wapokee ujumbe wao wa benki, hawajasumbuka na hesabu za kadi. Wanakwenda kwenye meza kama ile, au wanatafuta aliyeikalia. Kila mfumo usio na pasiwedi una meza yake mahali fulani, na kabla sijausifu huwa nauliza meza hiyo iko wapi na nani ameikalia.

Kwa funguo za siri za simu janja, meza hiyo kwa kawaida ni akaunti yako ya Google au ya Apple, maana nakala za funguo huhifadhiwa humo ili ukinunua simu mpya zirudi zenyewe. Na hapa, nadhani, wabunifu wa California hawakuwaza duka la simu la Tabora. Mteja ananunua simu janja yake ya kwanza. Simu inadai akaunti ya barua pepe kabla ya kupakua programu yoyote. Mteja hana, hajui, na gari la kurudi Bukene linapiga honi. Kijana wa duka anamtengenezea kwa sekunde chache: jina lolote lililokuwa wazi, pasiwedi yoyote, mwaka wa kuzaliwa wa kubuni, na namba ya kurejesha akaunti ikiombwa anaruka au anaweka yake. Mteja anaondoka na furaha. Simu inafanya kazi mwaka mzima bila kumuuliza chochote, maana ndiyo sifa yake. Siku inapoibiwa, picha, namba za watu na kila ufunguo wa siri uliokuwa umehifadhiwa mle viko nyuma ya barua pepe ambayo mwenyewe hajawahi kuijua jina lake. Alikuwa ameingia bila jina na bila pasiwedi kweli, kupita hata walivyokusudia waliobuni.

Simu ya familia nayo ina mtego wake. Ufunguo wa siri unakubali kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu, na simu ya mama mara nyingi ina vidole vya mama, vya binti wa kidato cha pili anayemsomea ujumbe, na vya mdogo wake baba aliyewahi kuiazima. Kwa ile kazi ya zamani ya kufungua simu tu hapakuwa na tatizo. Zikiingia huduma za benki kwa mtindo huu, vidole hivyo vyote ni mama. Kitochi kilicho na laini ya kuchomoa kilimtenganisha kila mtu na mwenzake. Simu janja inawaunganisha bila kuwaambia.

Ukinunua simu, basi, usiondoke dukani kabla hujaandika anwani ya barua pepe iliyofunguliwa kwa jina lako, kwenye karatasi, ukaitunze inapokaa hati ya kiwanja. Namba ya kurejesha akaunti iwe laini yako unayoitumia, kwa sababu laini ikikaa miezi bila kutumika kampuni inaweza kuifunga na kumuuzia mtu mwingine namba hiyo. Ongeza namba ya pili ya mtu wa nyumbani unayemwamini. Kisha fungua mipangilio ya usalama, hesabu vidole vilivyosajiliwa, na kile usichokijua mwenyewe ukifute kijana wa duka akiwa bado mbele yako, maana mara nyingi ni chake, alikijaribia.